Maître Aliyemwangusha Mtu kwa Salamu

Hadi leo nikinusa unga wa muhogo uliolowa, ninamkumbuka Maître Lubunga, mwalimu wangu, kabla sijafikiria bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Kimono zetu za karate, pale Kasongo, mashariki mwa Kongo, zilishonwa kwa magunia ya unga, na hata zifuliwe namna gani, unga ulibaki kwenye mishono. Tukitoka jasho, migongo yetu iligeuka uji.

Nilikuwa na miaka kumi, na msichana mmoja wa mtaani kwetu, Riziki, alikuwa akinipiga kila nilipokwenda kuchota maji. Mama alichoka kunipangusa machozi. Aliposikia kwamba mwalimu wa karate ametoka Salamabila na anafundisha kwenye ua wa depo ya zamani ya pamba, alinishika mkono tukaenda.

Mimi nilitazamia jitu. Tukamkuta mwanamume mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

“Maître iko wapi?” Mama akamwuliza.

“Ni miye, Mama.”

Mama akamwangalia juu, akamwangalia chini. Kazi hiyo haikuchukua muda.

Kila mtu alikuja na lake. Mama alitaka nimpige Riziki kabla ya Jumapili. Jirani yetu, mchimba dhahabu, alitaka mwanawe afundishwe kuruka juu ya nyumba. Shemasi wetu alikuja kuchungulia kama kuna mizimu. Bibi mmoja alileta mgongo wake, na ni yeye tu aliyeondoka ameridhika, maana Maître alimwonyesha namna ya kuinuka kitandani bila kuumia.

Sisi watoto alitufundisha mambo mawili tu, kusalimia kwa kuinama na kuanguka. Miezi miwili mizima tukainama, tukaanguka. Riziki naye aliendelea kunipiga kama zamani, ila sasa nilianguka vizuri.

Jumamosi moja mchana akatokea Mbavu, mbeba mizigo wa sokoni, mtu mpana kama mlango, aliyekunywa lotoko, pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi. Nusu ya soko ilimfuata nyuma.

“Weye ndiye maître? Nipige basi, tuone!”

Maître akainama, akamsalimia. Mbavu, ambaye bila shaka alilelewa vizuri kwao, akainama pia. Maître akainama tena, chini zaidi. Mbavu naye akashuka chini zaidi, kichwa kikawa kizito, akaenda puu! kifudifudi, akaanza kukoroma palepale.

Ua mzima ukalipuka. “Hakumugusa! Hata kidogo hakumugusa!”

“Mutu amelewa,” Maître akasema. Nani angemsikia?

Kwa kuwa mimi nilikuwa karibu kuliko wote, wakaniuliza niliona nini. Sijui nini kiliniingia. Nikasema niliona moshi mweupe ukitoka mikononi mwake. Labda ulikuwa unga.

Moshi ule ulipanda pikipiki, ukafika Kabambare, ukafika Salamabila. Wanafunzi wakajaa hadi barabarani. Riziki akaacha kunipiga. Akawa ananichotea maji. Nami nilikuwa nikitembea mtaani polepole, ili watu wapate nafasi ya kuniona.

Wiki ya pili wakaja wafanyabiashara watatu wa dhahabu. Walitaka Maître awasindikize njiani, na majambazi wakitokea, awainamie. Hawakuwa wakitania. Maître alikataa, wakadhani anajivuna. Wazazi wetu, Mama akiwa mbele, wakamsihi asiitie Kasongo aibu.

Ndipo akaniita katikati ya ua. Akachuchumaa mpaka miwani yake ikawa sawa na macho yangu.

“Feza, mwanangu, hawa watu watanipeleka nife. Sema uliona nini.”

Nilimwona Riziki kwenye umati, nikaona na maji yangu ya bure yakimwagika. Kisha nikalia.

“Hakukuwa moshi. Mbavu alikuwa amelewa.”

Wafanyabiashara wakacheka, wakawasha pikipiki zao. Wazazi wakawashika watoto wao mikono, wakaondoka. Mama alinivuta sikio njia nzima. “Tulikuwa na maître mukubwa,” alisema, “weye umeturudishia mufupi!”

Jumatatu tulibaki watano. Wa tano alikuwa Riziki, aliyekuja kuuliza kwa nini nikianguka siumii. Maître akatusalimia kama kawaida, akatuangusha kama kawaida.

Nilikwisha kuwa mama wa watoto wawili nilipomwuliza alikuwa akifikiria nini alipomwinamia Mbavu. Alicheka mpaka akavua miwani.

“Nilitaka kukimbia, Feza. Miguu ikakataa. Kiuno peke yake ndicho kilikubali.”

Kwa miaka mingi nilikuwa nikijisimulia kisa hiki kama ushujaa wangu, mtoto aliyekiri uongo mbele ya watu. Siku ile nikaona sikuwa nimemwelewa mwalimu wangu. Mtu mwoga vile, aliyepewa sifa ya bure, angeweza kuendelea tu kuikataa safari na kubaki na moshi wake maisha yote. Yeye alimwomba mtoto amvue sifa hiyo mbele ya mji mzima, kisha akasimama palepale, mfupi vilevile, akingoja kuona nani atabaki.