Kasia Nililookota Kwenye Mafunjo

Msinicheke kabla sijamaliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa sijaonja hata tone la pombe, na mtu anayetaka kuniambia niliota anaweza kuondoka sasa hivi aende kutafuta kazi ya maana. Nimechoka na watu wa hivyo. Wajukuu wangu hapa mtaani Section 58 husikiliza mpaka katikati, halafu wananiuliza kama siku hiyo nilikuwa na malaria. Malaria gani? Nilikuwa kijana wa kukamua ng'ombe kabla ya jua kuchomoza, na sijui hata kitanda cha hospitali kilikuwa na rangi gani.

Ilikuwa Naivasha, kwenye shamba la mzungu lililofika mpaka majini. Huyo mzungu tulimwita Pilipili, kwa sababu ya uso wake na kwa sababu ya hasira zake. Miaka hiyo ilikuwa ya hali ya hatari. Mtu wa kabila langu akikosana kidogo tu na mzungu wake, alipakiwa kwenye lori na kupelekwa rizavu, ardhi waliyotutengea Waafrika, hata kama alizaliwa pale shambani kama mimi na hiyo rizavu hakuijua. Mama yangu alikuwa mjane. Tulikaa wawili kwenye laini za wafanyakazi, na baba alikuwa amezikwa nyuma ya shamba la mahindi, mahali mama alipopita kila asubuhi akienda kuteka maji. Aliniambia mara nyingi kwamba haombi kitu kingine duniani, azikwe tu hapo kando yake. Hicho ndicho nilichokuwa nacho cha kupoteza, na Pilipili alikijua vizuri.

Jumapili wazungu walishindana kwa boti. Wengine walikuwa na matanga, wengine walipiga makasia huku wake zao wakipiga makofi ukingoni. Upepo wa mchana wa ziwa lile ni mbaya, kwa hiyo kila Jumapili kitu kilipotea: kasia, kofia, kamba, jaketi la kuelea. Na kulikuwa na adabu yake ya kurudisha vitu hivyo. Ukiokota kitu cha majini, ulisimama nacho hapo hapo ukingoni. Mwenyewe akitokea, alitaja alama yake kwa sauti akiwa bado mbali: “Yangu ina mistari myeupe!” Ndipo ulipomjibu aje achukue. Hata wazungu, ambao hawakuwa na adabu yoyote kwetu, hiyo waliishika.

Nyapara wetu, mzee Kiprotich, ndiye aliyenifundisha siku ya kwanza niliyopelekwa kwenye boti.

“Asipotaja alama, muulize,” akaniambia. “Akishindwa, usimpe. Hata akiwa nani.”

“Mzee, nimuulize mzungu alama? Si atanipiga kofi?”

“Kofi inapona.”

Nilicheka. Ningejuaje? Nilidhani anazungumza habari za wezi.

Sasa, Jumapili moja boti la Pilipili lilipigwa na upepo, akarudi na kasia moja. Makasia yake yalikuwa na duara la kijani karibu na mshikio. Mimi ndiye niliyelivuta boti nchi kavu, kwa hiyo Jumatatu alinianza mimi. Akasema kasia halikupotea, limefichwa, na kwamba mimi nilikuwa nawatengenezea watu wa msituni, wale waliopigana na serikali, njia ya kuvuka ziwa. Kwa kasia moja! Lakini nani angebishana naye? Bastola ilikuwa kiunoni hata akinywa chai.

“Leo jioni mimi naona kasia yangu,” akasema. “Kama hapana, kesho wewe na mama yako, lori.”

Nilimaliza kukamua nikakimbia ziwani. Ukungu ulikuwa bado mzito. Niliingia kwenye mafunjo nikisikiliza viboko, maana mle ukikutana na kiboko hakuna wa kusimulia habari zako. Na niamini, sikutafuta sana. Kasia lilikuwa limeegemea mafunjo, limesimama kana kwamba kuna mtu aliyeliweka. Duara la kijani lile pale. Nililia kwa furaha. Nasema kweli, mwanamume mzima nililia.

Nilipogeuka, mzungu alikuwa amesimama ukingoni.

Alikuwa kijana, mwembamba, suruali nyeupe, viatu vya mpira, kofia yenye mistari. Sikumsikia akija. Wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaoingia hadi puani, walikuwa wamejaa usoni kwangu, na kwake hata mmoja hakuwapo. Niliyaona hayo yote. Kwa nini sikukimbia? Kwa sababu alikuwa mzungu, basi. Ungekuwa wewe, miaka ile, ungemkimbia mzungu ukiwa na kasia la mzungu mkononi? Ungepigwa risasi mgongoni.

Nilingoja ataje alama. Hakutaja. Akanyoosha mkono.

“Leta.”

Swali la mzee Kiprotich lilinifika mdomoni, nikalimeza. Nikavua kofia, nikamkabidhi kasia kwa mikono miwili, kama mama alivyonilea. Vidole vyake viligusa kiganja changu cha kulia, na vilikuwa baridi na laini kama ugali uliolala kwenye maji. Hakushukuru. Alininusa. Alininusa kweli, kama ng'ombe anavyonusa ndama asiye wake, na midomo yake ikajikunja kwa chuki.

“Nyinyi nachelewa sana,” akasema.

Akaingia kwenye mafunjo, na hakuna funjo hata moja lililotikisika.

Nilienda nyumba kubwa, nikajiambia ni mgeni wa bwana. Pilipili alikuwa barazani na memsaab, mke wake. Nikasema kasia limeonekana, nimempa bwana mdogo pale ziwani.

“Bwana mdogo gani? Hapa hakuna mgeni.”

Nikamweleza suruali, viatu, kofia yenye mistari. Memsaab akaweka kikombe chini. Mzee Kiprotich, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, akaniuliza polepole, “Alitaja alama?” Nikasema hapana. Mzee akaangalia viatu vyake. Pilipili alikuwa mwekundu, na nikamwona akigeuka mweupe kuanzia shingoni kwenda juu.

“Rudi,” akasema. “Lete kasia yangu. Ukirudi mikono tupu, kesho hapana kaa hapa.”

Mama aliposikia hakulia wala hakuuliza maswali. Alifunga kitambaa kichwani, akasema tunaenda wote. Nikamwambia hapana. Akaniambia, “Wewe uliogopa kuuliza swali moja. Ukienda peke yako utaogopa tena.” Ndivyo alivyokuwa mama yangu. Maneno yake yalichoma, lakini alitembea mbele.

Jua lilikuwa juu sasa na ukungu umeisha. Yule mzungu kijana alikuwa ameketi kwenye gogo lililolala nusu majini, kasia magotini, na suruali yake ilikuwa kavu kabisa. Mama alimwona pia. Nasisitiza hilo kwa ajili ya wale wa malaria. Alinishika koti kwa nyuma akaniambia, “Uliza.”

Nikauliza. Mara ya kwanza maishani mwangu kumtaka mzungu athibitishe jambo, na alikuwa ni mzungu wa namna ile.

“Bwana, samahani. Hiyo kasia ina alama gani?”

Alicheka, lakini kifua chake hakikupanda wala kushuka.

“Nyekundu.”

“Hapana, bwana. Ni kijani.”

Akatuangalia kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza. Halafu akaweka ukucha wa dole gumba kwenye lile duara, akakwangua. Rangi ya kijani ikabanduka, ikaanguka majini vipande vipande. Chini yake palikuwa na rangi nyingine ya zamani. Nyekundu.

“Sema kwa ndugu yangu,” akasema. “Sema, nyekundu.”

Akanyoosha kasia kuelekea kwangu, upande wa bapa, kama unavyomnyooshea mtu unayetaka kumvuta. Nami nikanyoosha mkono. Kwa nini? Mpaka leo sijui. Nilishtuka koti likinikaba shingo, mama akivuta kwa nguvu zake zote, na maji yalikuwa yamenifika kiunoni. Sikukumbuka kupiga hata hatua moja.

“Achana nayo!” mama akapiga kelele. “Ni yake! Imeshafika kwa mwenyewe!”

Tuliondoka kinyumenyume. Yeye hakuinuka, alitutazama tu kama unavyotazama mbwa walioingia jikoni.

Sasa sikiliza. Ningeweza kumdanganya Pilipili. Ningesema kasia limechukuliwa na kiboko, au nimeliona likizama. Lakini nilikuwa kijana, na nilidhani ukweli ukisemwa kwa heshima unamlinda mtu. Nikasimama mbele ya baraza, kofia mkononi.

“Amekataa, bwana. Amesema nikuambie: nyekundu.”

Memsaab ndiye aliyegeuka kwanza. Hakunitazama mimi, alimtazama mume wake, kwa muda mrefu. Akamwuliza kitu kwa Kiingereza, sauti ya chini. Pilipili akainuka, akaingia ndani, na tukasikia ufunguo ukizunguka mlangoni.

Mzee Kiprotich alinieleza tukirudi kwenye laini. Pilipili alikuwa na mdogo wake, na wote wawili walikuwa wakishindana. Makasia ya mkubwa yalikuwa na alama ya kijani, ya mdogo nyekundu. Siku moja katikati ya mashindano mdogo alipoteza kasia, upepo ukaanza, boti likazunguka pale pale mpaka likapinduka, naye akazama. Likapatikana boti na kasia moja. La pili halikuonekana kamwe, na Pilipili aliapa mbele ya wote kwamba hakuliona. Sasa sote tulijua lilikuwa wapi. Alikuwa amelipita likielea, akaliokota, akaendelea mbele ili ashinde. Alimsikia mdogo wake akitaja alama kwa sauti kutoka mbali, na hakumrudishia. Baadaye akalipaka rangi.

Lori lilikuja asubuhi iliyofuata. Pilipili hakutoka nje. Alimtuma askari, na askari alisema bwana hataki kutuona tena hapo, mimi na mama, na tusipewe nafasi ya kuongea na mtu. Mama aliomba apite kwanza nyuma ya shamba la mahindi, kwa baba. Askari akamsukuma juu kwa kitako cha bunduki. Alikaa kwenye mbao za lori akiangalia nyuma mpaka vumbi likafunika kila kitu, na sikumwona akifumba macho. Alifia huko rizavu, kabla ya uhuru, katika kijiji kilichozungushiwa handaki, akazikwa kati ya watu asiowajua hata majina.

Mimi kiganja changu cha kulia hakijakauka tangu siku ile. Gusa uone. Kiberiti hakiwaki mkononi mwangu, kanisani watu hunisalimia kwa kichwa, na marehemu mke wangu alilala upande wa kushoto miaka yote ya ndoa yetu. Daktari mmoja alisema ni jasho. Jasho lenye harufu ya matope ya ziwa?

Kwa hiyo wewe unayekwenda Naivasha kupiga picha na kupanda boti, ukiona kitu kimeelea, kiache kifike chenyewe kwa mwenyewe. Usikiguse, na usikubali kutumwa na mtu kukifuata. Mnaniuliza kila mara kama bado namwogopa yule wa ziwani. Namwogopa, ndiyo. Lakini yeye alichukua kasia lake tu. Aliyemkosesha mama yangu kaburi lake alikuwa mtu hai, aliyekunywa chai barazani, na nilikwenda kwake kwa miguu yangu mwenyewe kumwambia ukweli.