Baba wa Nyumbani

Enzi zetu pale Kaloleni, Voi, kila baba alikuwa na saa yake ya kutoka asubuhi. Wangu alikuwa fundi wa reli mpaka nilipoingia darasa la nne, akapunguzwa kazi. Mama akaanza kuuza mitumba sokoni, baba akabaki na mdogo wetu mchanga. Saa saba tulirudi kutoka shule, vumbi jekundu hadi magotini, harufu ya sukuma wiki aliyoikaanga yeye ikitupokea mlangoni.

Chakula chake nilikipenda. Nilichoogopa ni watu kujua. Basi mwalimu alipotuuliza kazi za baba zetu, nilisimama nikasema, "Fundi wa reli."

"Vizuri! Mwambie aje Ijumaa atueleze habari za injini."

Sikumwambia. Siku tatu nzima treni ikipiga honi nashtuka kama mwizi. Ijumaa ilipofika, kipindi kikaanza bila yeye, nikapumua kidogo. Kisha mlango ukabishwa. Alikuwa baba, na shati lake la Jumapili, mtoto mgongoni. Kumbe mwalimu alikutana na mama sokoni, akamkumbusha kwamba baba anangojewa shuleni.

"Karibu, fundi," mwalimu akasema.

Baba akanitazama. Nikaona ameelewa. Nilishika dawati kwa mikono yote miwili.

"Reli niliacha mwaka jana," akasema polepole. "Sasa mimi ni baba wa nyumbani."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akatunyamazisha, akauliza, "Maana yake nini, mzee?"

"Maana yake, huyu akirudi anakuta mtu." Akaninyooshea kidole.

Tukirudi nyumbani nilitembea hatua mbili nyuma yake, nikingojea kofi. Nilijua litakuja tu. Tulipovuka reli akasimama, nikafumba macho.

"Siku nyingine ukiogopa," akasema, "niambie mimi kwanza."

Vijana wa leo wana raha. Mmoja akibadilisha nepi mara moja tu, anajipiga picha, anajiita baba wa nyumbani, na kufikia jioni ukoo mzima umempongeza. Nami humpongeza, nikicheka. Lakini baba alifua nepi za mdogo wetu miaka miwili, na kamba ya kuzianikia aliifunga nyuma ya nyumba, mahali ambapo jirani hawezi kuona. Mimi nilidhani mwoga pale kwetu nilikuwa peke yangu.