Namba Niliyowajazia Vikongwe

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni nesi wa kliniki ya sukari na presha, hapa Sekei. Tulipoletewa mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa kwa simu tarehe zao zote, za sukari, presha na macho, nilijiona mtaalamu. Ila mfumo ulikataa kumsajili mtu asiye na namba, na vikongwe wetu wengi hawana simu. Nikawajazia namba yangu, eti ujumbe ukija nitawafikishia. Wiki mbili niliwafikishia kweli. Kisha nikachoka, nikazima mlio.

Juzi wakaja wageni kuukagua mfumo, na wagonjwa wakaalikwa. Daktari wetu akanisifu mbele za watu, akabonyeza “Kumbusha wote.” Simu yangu ikaanza kutetemeka mezani. Ikatetemeka, ikatetemeka, mpaka ikaanguka miguuni pake. Akaiokota, akasoma kwa sauti: “Nalepo, usisahau kliniki ya macho.”

Koko Nalepo, bibi mpole kuliko wagonjwa wangu wote, alikuwa benchi la mbele, ameshikwa mkono na binti yake. Akageukia ile sauti.

“Ni mimi huyo, daktari. Nesi aliniambia nisubiri kuitwa. Nimesubiri tangu nilipokuwa bado naona.”