Mzee wa Shahe Alivuka Alfajiri

Nisizunguke. Nilimwonea wivu mwenzangu wa chumba tangu wiki ya kwanza, na kilichoanza kuniuma ni Kichina chake. Mimi natoka Iringa, yeye Tanga. Tulijifunza lugha mwaka mmoja, darasa moja, dawati moja. Lakini yeye akisema maneno mawili tu, mama wa kantini anamwongezea nyama. Nyama! Mimi nampa mama huyohuyo sahani yangu kwa mikono miwili, kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani, napata mchuzi.

Tulikuwa Watanzania wawili tu katika idara ya historia ya chuo kimoja cha Guangzhou, miaka ya tisini inakatikia. Wote tulikuwa na ufadhili wa shahada ya uzamili, na wote tulijua kwamba nafasi ya kuendelea na udaktari ilikuwa moja. Mwalimu wetu, tuliyemwita Laoshi kama wanafunzi wote wa huko wanavyowaita walimu wao, ndiye angeandika barua ya kumpendekeza mmoja wetu. Mmoja abaki, mmoja afungashe. Jambo hilo halikutamkwa chumbani kwetu hata siku moja. Tulisongeana ugali, tukasukana nywele, tukaitana shoga na dada, huku kila mtu akichungulia mwenzake anasoma kitabu gani.

Tulisoma vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi, vile vya baada ya mapinduzi, Wekundu na Weupe wakifukuzana kwenye theluji ya Siberia. Nikiwaambia watu wa nyumbani, walicheka: umefika China ukasome ya Warusi? Lakini pale Guangzhou haikuwa ajabu. Maofisa wa Kirusi waliopigana vita vile ndio waliokuja baadaye kufundisha askari kwenye chuo cha kijeshi cha Huangpu, palepale Guangzhou. Na kabla ya hapo, mapinduzi yaliwakuta Wachina wengi Urusi kwenyewe, vibarua wa migodini na wa kukata magogo, na baadhi yao walishika bunduki upande wa Wekundu.

Laoshi alikuwa na swali moja tu, na alituuliza kila Ijumaa kwenye semina: "Umejuaje?" Ukimwambia kikosi fulani kilishinda mahali fulani, anakuuliza umejuaje. Aliyeshinda huandika ripoti na kutia chumvi, alisema, na jenerali aliyeshindwa huandika kumbukumbu akiwa uhamishoni, akimsukumia lawama mwenzake. Kibarua haandiki kitu.

Mimi nilichagua ripoti. Mwaka mzima nilikaa maktaba na majuzuu ya ripoti za Wekundu zilizotafsiriwa Kichina, karatasi zinanuka ukungu, kamusi mapajani. Nilikifuata kikosi kimoja siku kwa siku, mpaka nikajua farasi wangapi walikufa na lini buti zilikwisha. Nilijua hakuna mtu mwingine pale chuoni anayekijua kikosi kile. Ilikuwa mali yangu.

Sasa, wanafunzi wengi tulijipatia hela ya sabuni kwa kuwatafsiria wafanyabiashara wa kutoka nyumbani. Nilikuwa na mama mmoja wa Mwanza, mnunuzi wa nguo, kila akija ananitafuta mimi. Tulizunguka naye masoko ya nguo ya Guangyuan Xilu na Shahe, akipigana na wenye maduka juu ya bei, nami naupunguza makali ule ukali wake njiani kabla haujawafikia. Jumamosi moja nilikuwa na mafua. Nikamwambia mwenzangu, shoga, nenda wewe leo. Jamani, mafua!

Alirudi jioni, uso umemchanua. "Dada, nimempata mtu!"

Kwenye duka moja la jinzi kule Shahe, nyuma ya marobota, alimkuta babu wa mwenye duka amekaa kwenye kigoda. Mzee wa miaka tisini na kitu, mtu wa kaskazini, kaletwa kusini na wajukuu. Majirani wote wanasema Kikantoni cha huku kusini, naye haelewi neno. Kamuuliza mwenzangu katoka wapi. Aliposema Afrika, mzee akajibu: "Mimi pia niliwahi kwenda mbali." Basi wakakaa. Mzee alikuwa mkata magogo Urusi, kisha mpishi wa kikosi cha Wekundu. Alivuka nao mto ulioganda, barafu ikiwapasukia miguuni na masufuria mgongoni. Mwenzangu akanitajia jina la kikosi.

Kilikuwa kikosi changu.

Siwezi kueleza roho ilivyoniuma. Mtu aliyetembea ndani ya ripoti zangu yu hai, anakunywa chai umbali wa basi moja, na kamwangukia yeye! Tena siku ya zamu yangu! Nilimwambia, "Hongera, mwaya," nikaingia bafuni nikafungulia maji mpaka mwisho ili asisikie ninavyopenga.

Akawa anakwenda kila Jumamosi, kabeba machungwa na daftari lake. Mzee anasimulia kwa Kichina, yeye anaandika kwa Kiswahili, maana ndivyo mkono ulivyomkimbilia. Laoshi aliposikia habari zile, yeye asiyesifu mtu, alivua miwani. Tangu siku hiyo semina yote ikawa ni mzee, mzee, mzee. Ripoti zangu hakuna aliyeziulizia. Nilianza kuchukia hata harufu ya machungwa.

Kulikuwa na desturi pale: kila makala kabla ya kusomwa hupewa mpinzani, mwanafunzi mwenzako anayeikagua na kuitafutia kasoro. Makala ya mwenzangu, Laoshi alinipa mimi. Alisema nani mwingine anakijua kikosi kile. Niliipokea kwa mikono miwili, na nisiseme uongo, nilifurahi.

Nikaikuta kasoro ukurasa wa tisa. Mzee anasema kamanda, mwenye saa pekee kikosini, aliwaonyesha saa wakati wanakanyaga barafu: ilikuwa kumi na moja, giza bado. Kwa Mchina anayesoma, kumi na moja yenye giza ni usiku, watu ndio kwanza wanalala. Ripoti yangu ilisema wamevuka alfajiri, na kwamba usiku ule kikosi kizima kilikuwa bado kijijini, mbali na mto. Kwa hiyo mzee hakuwepo. Kadandia hadithi ya mtu mwingine. Moyoni nilipiga vigelegele. Nikafunga karatasi, nikaenda kufua shuka nikiimba.

Nikiwa nasuuza ndipo ikanijia. Makala inasema kumi na moja, ripoti inasema tano ya alfajiri. Tofauti ni saa sita kamili. Mswahili gani asiyeijua sita hiyo? Mimi mwenyewe nilishakosa basi kwa ajili yake.

Nikarudi chumbani, mikono inachuruzika maji. Mwenzangu alikuwa darasani, daftari lake liko mezani. Nikalifungua. "Saa kumi na moja, giza bado." Basi. Mzee alisema tano, kwa sababu Wachina huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Mwenzangu, akili ikisikia Kichina na mkono ukiandika Kiswahili, akaweka saa kumi na moja, kama sisi sote tunavyoiita alfajiri ile. Wiki kadhaa baadaye, akihamisha daftari kwenye Kichina, akaibeba kumi na moja vilevile. Mzee alikuwa sahihi kwa dakika. Yeye na ripoti, ambao hawajawahi kuonana, walikuwa wanasema jambo moja. Ndicho kitu ambacho mwanahistoria huota maisha yake yote.

Nililifunga daftari, nikalirudisha lilivyokuwa, nikaenda kuanika shuka.

Ijumaa nikasimama. Nilisema vizuri siku ile, hata Kichina changu kilinyooka. Nikaweka ripoti upande huu na makala upande huu, nikauliza kwa upole kabisa inawezekanaje mpishi avuke mto ilhali kikosi chake kimelala kijijini. Laoshi akamgeukia mwenzangu. "Umejuaje kwamba ni kumi na moja?"

Alifungua daftari palepale, akaweka kidole juu ya mstari. "Kumi na moja," akasema kwa Kichina. "Niliandika yuko mbele yangu. Ndivyo alivyosema." Akanitazama, kana kwamba ningemsaidia. Mle chumbani hakukuwa na mtu mwingine anayeweza kuusoma mstari ule. Nikainamia karatasi zangu.

Laoshi aliamua twende Shahe kesho yake sote watatu, mzee aulizwe mbele yake.

Tulimkuta kigodani, kavishwa koti jipya kwa sababu ya mgeni. Mjukuu wake alikuwa anakunja jinzi, hana habari nasi. Mwenzangu akachuchumaa mbele ya mzee, macho mekundu kwa kutolala. "Babu, ile siku ya mto, uliniambia mlivuka saa kumi na moja. Sivyo?"

Mzee akakunja uso. Akainua mkono, vidole vyote vitano vimefunguka. Laoshi alikuwa anatafuta ukurasa, hakuona. Mimi niliona. Kisha mzee akamtazama vizuri msichana wake: machozi yanayomlenga. Akamtazama na yule mwalimu mwenye miwani na karatasi. Vidole vikajikunja taratibu, mkono ukarudi gotini.

"Kumi na moja," akasema.

Laoshi akamuuliza tena, kwa heshima zote, kama ana hakika.

"Huyu mtoto kaandika kumi na moja? Basi ni kumi na moja. Yeye haongopi."

Ningeweza kusema wakati ule. Ni neno moja tu, na lilikuwa mdomoni. Nilisikia wachukuzi wakipiga kelele nje wapishwe na marobota yao, nikasikia Laoshi akikunja karatasi zake. Njiani alisema masikini, kazeeka, kumbukumbu zimechanganyika na mambo aliyosikia kwa watu. Mwenzangu alitazama dirisha la basi mpaka chuoni. Wiki iliyofuata barua ikaandikwa, na jina lililokuwamo lilikuwa langu.

Nilivumilia siku tisa. Si kwamba nina roho nzuri. Kila nikifungua ripoti naviona vidole vile vitano. Siku ya kumi nikabisha hodi ofisini kwa Laoshi, nikamweleza yote: saa zetu, saa zao, daftari, vidole vya mzee.

"Ulijua kabla ya Ijumaa?"

"Ndiyo, Laoshi."

"Na Shahe ulijua?"

"Ndiyo."

Alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. "Ungesema Ijumaa, ningekuwa na shahidi," akasema. "Sasa nina mzee aliyesema tano akiwa na msichana peke yao, na mbele yangu akasema kumi na moja. Nikimwandika kwenye kitabu, wenzangu wataniuliza nimejuaje. Niwajibu nini? Kwamba shahidi wangu hubadili maneno akimwonea mtu huruma?" Nikamwomba aiondoe barua yangu, amwandikie mwenzangu. Akasema barua imeshapita ngazi zote, na makala ya mwenzangu haina tena mguu wa kusimamia. Nikae na hiyo nafasi yangu. Alisema hivyohivyo, "nafasi yako," na akageukia karatasi zake.

Mwenzangu nilimkuta anapanga sanduku. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, maana niliogopa kuingia. Aliacha kukunja nguo.

"Ungenitukana, dada," akasema. "Ungenipiga hata kofi. Mimi nafasi ningetafuta kwingine. Yule mzee ana nini zaidi ya mto ule? Umekwenda kumfanya mwongo mbele za watu!"

"Nisamehe."

"Sikusamehe. Labda baadaye. Leo ng'o."

Akavaa viatu, akatoka. Nilijua anakwenda Shahe. Nilibaki nimekaa kitandani kwangu mchana kutwa, sikusoma, sikupika. Aliporudi jua lilikuwa bado liko juu ya mabweni. Alinawa uso, akaendelea na sanduku lake, kana kwamba sipo. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza.

"Kasema nini?"

Nilidhani hatajibu. "Kasema alijua ni tano. Anasema hata akiwa kaburini atajua ni tano." Akabana mfuniko wa sanduku kwa goti. "Halafu akaniuliza kama mwalimu amenipa ile nafasi. Nikamwambia amenipa. Kafurahi! Amenishika mikono, amecheka mpaka amekohoa."

Akafunga zipu. Hapo ndipo wivu uliponishika kweli, na nilikuwa nimedhani nimemaliza nao kazi. Nafasi nilikuwa nayo mimi, chumba kingekuwa changu, na kikosi pia. Lakini yule mzee alikuwa ametoa kitu pekee alichokuwa nacho ili kumkinga msichana wa watu, na msichana naye kamrudishia uongo wake kwa mapenzi yaleyale. Nikajiuliza nani ulimwenguni angedanganya kwa ajili yangu. Nikatafuta kichwani, kuanzia Iringa mpaka pale nilipokaa, nikakosa jina.