Iliki Ndani ya Chupa za Maziwa

Maziwa ya dukani yamenuka plastiki tena leo, nami nimenuna upya. Nilipokuwa mdogo, maziwa yetu yaliletwa mlangoni kwa chupa za kioo, malai yamekaa juu. Yakiisha, unaziosha chupa na kuziweka nje zichukuliwe. Bibi yangu, mtu wa Unguja, alitia iliki ndani ya kila moja. Muuza maziwa aliitia mfukoni, akampungia mkono.

Kampuni yake ndiyo iliyoleta barua ya malalamiko.

“Mama, wanataka chupa tupu,” baba alisema.

“Nimrudishie mtu chombo kitupu, nina wazimu?”

“Hii London, mama.”

“Basi London haikufunzwa adabu.”

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Baba hakucheka. Aliiambia kampuni isituletee tena maziwa, tukahamia madumu ya plastiki ya dukani. Kampuni nzima ya watu waliofunga tai ilitetemeshwa na punje tatu za iliki, na baba yangu akawaunga mkono.

Asubuhi ya mwisho baba alizitoa chupa mwenyewe, tupu kabisa. Bibi alijificha nyuma ya pazia mpaka muuza maziwa alipoondoka, asije akamwona.