Posa ya Uroa na Damu Niliyoipima

Siku ya kwanza kazini sikugusa damu. Niligusa maji. Msimamizi wa Maabara, mwanamke mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alinipa pipeti, kifaa cha kunyonya na kudondosha tone dogo kuliko chozi, akaniweka mbele ya bakuli la maji na kuniambia ninyonye, nidondoshe, mpaka mkono uzoee. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi na mama, na moyoni nikasema huyu bibi ananidharau. Adhuhuri ilipokaribia nikamwuliza lini nitaanza kazi.

"Hii ndo kazi," alisema bila kugeuka. "Mkono wako ukitetemeka hapa, mtu mzima ataambiwa mgonjwa. We unadhani tunacheza?"

Sikumpenda, na sitasema uongo kwamba nilimpenda baadaye. Lakini nilipoanza kufundisha wengine, nao niliwaanzisha kwa maji, na najua walininung'unikia vilevile.

Maabara yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofani, juu ya ngazi za mbao zilizolia kila ukikanyaga. Majirani walidhani tunapima malaria. Wengine walikuja na watoto wenye homa, nasi tukawaelekeza hospitali, wakaondoka wamenuna. Nyinyi vijana mnaoingia sasa mnaweka sampuli kwenye mashine, mnakwenda kunywa chai. Sisi kila hatua ilitaka mtu asimame. Damu ilizungushwa kwa kasi hadi seli nyeupe zijitenge, seli zikapasuliwa kwa dawa, na ndani yake tukatoa vinasaba, yale maandishi ya kurithi, ambavyo ukivimwagia spirti baridi hujitokeza kama nyuzi za ute. Sampuli tulizihifadhi katika friza ya baridi kali mno. Umeme ukikatika, na mnajua ulivyokuwa ukikatika, sote tulinyamaza kusikiliza kama jenereta litawaka. Likichelewa, Msimamizi alianza kusali kwa sauti.

Nilipopandishwa cheo nikahamishiwa chini ya Mkuu wa Utafiti, daktari wa bara, mrefu, mchache wa maneno. Yeye alifuatilia magonjwa ya kufa kwa ubongo, na hasa ugonjwa mmoja unaorithiwa. Jeni moja ni maelekezo ya kutengeneza protini moja. Katika ugonjwa huo sehemu fupi ya maelekezo hujirudia kupita kiasi, kama mtu mwenye kigugumizi, na protini inayotoka hapo huwa ndefu isivyotakiwa, hujikunja vibaya, ikaganda mabonge ndani ya seli za ubongo. Seli hufa polepole. Mtu wa makamo huanza kurusha mikono bila kutaka, tabia hubadilika, akili hupungua, mwisho hushindwa hata kumeza. Kama yale mabonge ndiyo yanayoua, au ni mabaki tu ya maafa yaliyotokea kabla, hilo ndilo swali lililomkondesha Mkuu.

Nyumba moja Uroa ilikuwa na ugonjwa huo. Baba, Mzee Makame, alikuwa hakai wala halali kwa mwili kumchezacheza. Kijijini walisema anachezwa na jini, na kwamba jini lenyewe lilimcheza hata mama yake zamani. Alikuwa na binti wawili, Zuwena, mshonaji, na mdogo wake Raya, aliyekuwa akilima mwani na wenzake ufukweni. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Wote wawili walikubali kutoa damu kwa ajili ya utafiti, kwa sharti lililokuwa la kila mtu: majibu ni ya utafiti, hayatolewi. Kwenye chupa tuliandika namba badala ya majina. Lakini aliyechoma sindano ni mimi, na aliyeandika namba ni mimi. Namba hiyo ingemficha mtu gani mbele yangu?

Jeni iliyorefuka tuliitambua kwa mistari. Vipande vya vinasaba huvutwa kwa umeme ndani ya utomvu ulioganda mfano wa halua laini, vifupi vikakimbia mbali, virefu vikabaki nyuma. Niliwasha taa ya kuvimulika, nikatazama. Mstari wa mmoja ulibaki nyuma. Wa mwenzake ulikuwa pale unapotakiwa. Zuwena alikuwa mzima. Raya alikuwa nao. Nilizima taa, nikakaa chini.

Haikuchukua muda mrefu nikajiwa na somo yangu.

Walio wageni wa mambo yetu waelewe kwanza. Somo ni mwanamke aliyekufunda ulipoolewa, aliyekaa na wewe ndani siku ambazo hata mama yako hakai. Humkatalii. Wangu alikuwa Bi Zuhura. Na posa kwetu haipelekwi hivi hivi. Nyumba huulizwa kwanza, na dini imetufundisha kwamba anayeulizwa habari za posa asifiche kasoro anayoijua. Alikuja alasiri, nikamtandikia mkeka, nikamwekea chai.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Nimetumwa, na mwenyewe pia nimejituma. Mjukuu wangu Hamad keshapenda mtoto wa watu huko Uroa. Zuwena, binti Makame."

Kikombe changu nilikiweka chini.

"Nshaulizia," akaendelea. "Wote wananambia msichana mzuri, ana adabu, ana kazi ya mikono yake. Lakini baba yake anachezwa. Na gari yenu inaonekana pale mlangoni. Sasa sitaki kumwuliza mwengine, nnakuuliza we. Anao au hana?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Hana. Neno dogo, la kweli, la heri, ambalo lingempa msichana mume na lingemrudisha somo yangu nyumbani akicheka. Na nilikuwa karibu kulisema. Kilichonizuia ni Raya. Leo nikisema huyu hana, kesho watakuja wanaomtaka yule, nami nitanyamaza, na kunyamaza kwangu kutakuwa ni kumpigia mbiu kijiji kizima, tena kabla mwenyewe hajajua.

"Somo, nisamehe. Kazini nimekula kiapo. Sisemi habari ya mtu yeyote, awe mzima, awe mgonjwa."

"Kiapo mbele yangu? Mie nliyekufunda?"

"Nendeni mkawaulize wenyewe."

"Ingekuwa hana ungesema."

"Hata angekuwa hana nisingesema. Wallahi."

Alinitazama sana. "Mie na umri wangu huu, sjapata kuona mtu akaulizwa msichana, msichana akawa hana ila, kisha akanyamaza." Chai hakuigusa tena. Akajifunga buibui lake. "Basi. Nshafahamu."

Hakuwa amefahamu kitu. Nilimfuata hadi mlangoni, nikamwona anakata kona, na miguu yangu ilitaka kukimbia nyuma yake. Nilishika kizingiti kwa mikono miwili.

Asubuhi niliingia kwa Mkuu kabla hajavaa koti.

"Ulimwambia nini?" aliuliza.

"Sikumwambia kitu."

"Basi umefanya kazi yako. Kimya si jibu, Bi Rahma."

"Kwenu labda, Daktari. Hapa, kwenye posa, kimya ni jibu, na jibu lake ni baya." Nilikuwa sijapata kumpandishia sauti, na msimamizi wangu wa zamani, huko alikokuwa, angenizaba kibao. "Hawa watu tumewatia shimoni. Damu yao tunayo, majibu yao tunayo, na wao hawana hata mlango wa kubisha wakitaka kujua. Anajua nani? Mimi mpima damu. Haki hiyo?"

Akaniuliza ningependa afanye nini. Nikamwambia: tafuta mnasihi, mtu aliyesomea kumkalisha mgonjwa na kumweleza, na kila atakayetaka majibu yake aje ayaombe kwa hiari yake, apimwe upya, aambiwe yeye peke yake. Alisema ni jambo la kuandikiwa kibali. Nikasema aliandikie basi. Na kwa haki yake niseme, aliliandikia siku ileile, na hakuliacha mpaka mnasihi alipokuja.

Lakini posa ilikuwa imekwishakufa. Zuwena alipanda ngazi zetu za mbao akiwa na ushungi umemkaa upande, hata pumzi hajavuta.

"Shikamoo, Bi Rahma. Umewambia nini watu wa Hamad?"

"Marahaba. Sijawambia kitu."

"Basi hicho kitu ulichokuwa hukuwambia, nambie mie. Kama nnao nijue. Kama sina, kwa nini nimeachwa?"

Nilimpeleka kwa mnasihi. Walizungumza kwa vikao kadhaa, kwa kuwa mtu hapewi habari kama hiyo juu juu, kisha tukamtoa damu upya. Nimepima damu za watu wengi maishani, lakini ile nilijua jibu lake na bado mkono ulinitetemeka. Vipi kama zamani nilibadilisha chupa? Vipi kama mzima alikuwa Raya? Nilirudia kipimo, nikarudia tena. Mstari ulikaa palepale.

Siku ya jibu Zuwena alitaka niwepo. Mnasihi alimshika mkono, akamwambia hunao. Zuwena alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena kwa aibu, na mimi nilijifuta macho kwa mkono wa koti. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: atakwenda mwenyewe kwa Bi Zuhura, atasema, mambo yatarudi.

"Na Raya?" aliuliza.

"Raya hajaja kuuliza," alisema mnasihi.

Zuwena alinigeukia, nami nikainamisha uso kwenye vidole vyangu.

"Usijifiche, Bi Rahma," alisema polepole. "Mie sisomi kimya cha mtu. Chako wamekisoma, wamekosea." Akajifunga ushungi wake vizuri. "Lakini nikitoka hapa nikasema mie mzima, kijiji kizima macho yatakwenda kwa mdogo wangu. Mie sijapimwa. Wala sikuja hapa."

Akashuka ngazi. Hamad alioa kwengine. Bi Zuhura aliendelea kuitikia salamu yangu, ila hakukanyaga tena kwangu, na alikufa akiamini nilimwokoa mjukuu wake kwa kunyamaza. Hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Sasa nimestaafu, nakaa Chukwani, na magoti yangu hayataki hata ngazi za nyumbani. Vijana wa maabara hunitembelea, hunieleza mbinu mpya na mashine mpya, na nawasikiliza kwa wivu. Mkuu alirudi kwao bila kulipata jibu la mabonge yake. Dawa ya kuuzuia ule ugonjwa usianze bado haijapatikana. Nawaambia hii si kazi ya mwenye haraka, na kwamba siku moja mtu aliye nje ya maabara, tena mnayempenda, atawauliza jambo mnalolijua, na siku hiyo hapana mashine itakayowasaidia. Wananiitikia kwa heshima. Sijui kama wanasikia.

Karibuni alikuja Zuwena. Hakuolewa. Raya ugonjwa umemwanza, mikono inaruka, vyombo vinamponyoka, na Uroa yote inajua.

"Sasa sema," nilimwambia. "Raya keshajulikana, hapana tena wa kumsitiri. Sema wewe mzima, mwanangu, bado hujachelewa."

Alikuwa akikunja ncha ya kanga yake, anaikunja, anaikunjua.

"Raya kila asubuhi ananiangalia mikono," alisema. "Ananiuliza kama na mie nshaanza. Ananambia hofu inampungua kwa kuwa tuko wawili. Nimwambie nini, Bi Rahma? Nimwambie yuko peke yake?"

Nilimkatia papai, akala kidogo, akaomba lililobaki amchukulie Raya kwa kuwa ni laini, linamezeka. Nikamfungia. Akaondoka mapema ili awahi kumlisha.