Niliandika "Hakuna"

Baba alikuwa na ploti moja katikati ya mji wa Kisii, kwenye barabara inayoteremka kuelekea sokoni. Aliinunua akiwa karani wa kiwanda cha majani chai huko Nyamira, akajenga duka la mawe lenye vyumba viwili na veranda ya saruji. Chumba cha nyuma tuliwekea mbao na magunia. Cha mbele alikipangisha fundi wa kushona nguo, mama mjane kutoka upande wa ziwa, ambaye alikuwa pale hata kabla sijaanza shule.

Sare yangu ya kwanza aliishona yeye. Alinisimamisha juu ya kiti, akanipima huku pini zimejaa mdomoni, akaacha upindo mrefu ili gauni linifae miaka mitatu. Nilipomaliza sekondari na kungoja kuitwa chuoni, nilishinda dukani kwake karibu mwaka mzima. Alinifundisha kukata kola na kutia zipu. Mchana tulikula sahani moja, yeye akinicheka kwa jinsi nilivyochagua omena, wale dagaa wa ziwani, mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Aliniita nyathina, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao. Mama yangu alikuwa ameshafariki wakati huo, na mimi nililipokea jina hilo bila hata kulifikiria.

Habari za barabara zilipofika, nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamira. Ilikuwa likizo. Baba aliniomba nimsindikize kwenye mkutano kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ukungu, asiweze kusoma hata maandishi makubwa ubaoni. Ukumbi ulijaa wenye maduka. Afisa mmoja alieleza kwamba mji umesongamana, mvua kidogo tu na maji yanaingia madukani, waenda kwa miguu wanagombania njia na pikipiki. Barabara itapanuliwa, itawekwa mitaro na taa, na pesa za kununua vipande vya ardhi kando ya barabara zimeshatengwa. Mwenye ploti atalipwa fidia. Mpangaji mwenye biashara naye atapewa kitu cha kumsaidia kuhama, mradi tu ameandikwa kwenye fomu.

Hayo ya mpangaji niliyasikia vizuri. Baba pia aliyasikia.

Fomu tuliijaza Jumapili, nyumbani Nyanchwa, mezani, kabla ya chai kupoa. Mimi nilisoma maswali, yeye akajibu, nami nikaandika. Ukubwa wa ploti. Namba ya hati. Jengo ni la nini. Tukafika mahali palipoulizwa kama kuna mpangaji anayefanya biashara.

"Andika hakuna," baba akasema.

Nikainua kalamu. "Na fundi?"

"Hatukuandikiana mkataba na fundi. Tulisikizana kwa mdomo tu."

"Lakini yuko pale, tata," nikasema, nikimwita baba kwa lugha yetu. "Miaka yote hii."

Akageuza uso kuelekea dirishani, ingawa hakuwa anaona kitu huko. "Nimeambiwa wenye wapangaji watasubiri mpaka kila mmoja aridhike. Wengine watafika mahakamani. Mimi nataka kutibiwa macho nikiwa bado hai. Fundi nitamshika mkono mimi mwenyewe, hiyo ni kati yangu na yeye. Andika."

Ningeweza kukataa. Baba hakuwa mtu wa kupiga kelele, na asingenifanya lolote. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye majirani walimwita awasuluhishe wakigombania mipaka, nami nilijiambia kwamba mtu wa namna hiyo akisema atafanya, atafanya. Nikaandika. Kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, niliandika neno moja, hakuna. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya jina la aliyemsaidia mwenye ploti kujaza, nikatia jina langu na sahihi.

Muhula ulifunguliwa nikarudi kazini. Wiki chache baadaye fundi akanipigia simu. Nilikuwa nasahihisha madaftari.

"Nyathina, hujambo? Nasikia wapangaji wa huku wanaandikwa. Baba yako aliniandika?"

Nilifunga daftari lililokuwa mbele yangu.

"Ongea na baba, mama," nikasema. "Yeye ndiye anayejua."

"Sawa," akasema. Akaniuliza habari za wanafunzi wangu, kama mvua inanyesha huku, kisha akaaga.

Ilani ya kuhama ilibandikwa mlangoni. Kuta zote za upande ule zilikuwa zimechorwa alama nyekundu, na hata zile za duka letu. Nilimpigia baba mara kwa mara kumuuliza kama ameenda kumwona fundi. Ataenda wiki hii. Alienda akakuta amefunga. Anangoja pesa ziingie, asiende mikono mitupu. Kila jibu lilikuwa na maana yake, nami niliyapokea yote.

Siku ya kubomoa nilipata ruhusa nikaja. Baba alisimama ng'ambo ya barabara, akiegemea fimbo yake, amevaa koti la kanisani. Fundi alikuwa ameondoka siku iliyotangulia, cherehani na pasi ya makaa juu ya mkokoteni. Hakuna aliyejua ameelekea wapi. Tingatinga lilisukuma veranda, kisha ukuta wa mbele ukalala chini kwa mara moja, nasi tukauona ukuta wa ndani kutoka barabarani. Ulikuwa umejaa namba za chaki, kifua, kiuno, mabega, vipimo vya wateja alivyokuwa akiviandika pale kwa kukosa karatasi. Vipimo vya mtaa mzima vilikuwa vimetapakaa kwenye ule ukuta. Baadaye mvua ya mchana ikaanza, na namba zikawa zinateremka.

"Wamefika wapi?" baba akaniuliza. Kwake yote yalikuwa ukungu na ngurumo ya mashine.

"Wamemaliza," nikasema.

Fidia ililipwa. Baba alipasuliwa macho yote mawili, na ikawa heri, anasoma Biblia bila miwani. Lakini hakumtafuta fundi. Nilipomkumbusha alisema hajui alipo, na hilo lilikuwa kweli. Hakuteremka tena kwenye barabara ile. Zamu yake ya kuongoza maombi kanisani ilipofika, akampa mtu mwingine, na ya pili hivyo hivyo, mpaka wakaacha kumpangia. Hakunieleza sababu, wala sikumuuliza.

Mimi ndiye niliyempata. Mwalimu mwenzangu alishonewa sketi Keumbu, nami niliitambua mishono. Jumapili moja nikaenda. Alikuwa kwenye kibaraza kando ya soko, amebanana na muuza mboga, karatasi ya nailoni imefungwa juu kuzuia mvua. Alikuwa amekonda. Alinitazama, akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Umefika, mwalimu," akasema. "Kaa."

Nilikaa juu ya ndoo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa maneno mengi, yakanitoka machache tu.

"Mama, ile fomu niliiandika mimi. Baba alisema, lakini mkono ulikuwa wangu."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Mama mmoja wa ofisi ya barabara alikuja kukagua duka baada ya fomu kupelekwa. Alikuwa na ile karatasi. Akasema, hapa imeandikwa hakuna mtu, wewe ni nani? Nikaomba anisomee. Akasoma yote mpaka chini, mpaka jina lako."

"Ukamwambiaje?"

"Nikasema mimi ni jamaa tu, nimekuja kufagia."

Sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli, wakati vitambaa vya watu vilikuwa vimejaa chumba kizima.

"Ningesema nini? Kwamba mzee wa kanisa amedanganya, na mwalimu ndiye aliyemwandikia? Mngeulizwa." Akapangusa vumbi kwenye cherehani kwa kiganja. "Baba yako hakunidai kodi mwaka ule nilipofiwa. Hilo sikulisahau. Nilifikiri, hawa wakisikia nimewasitiri, watakuja. Jioni ile nilichelewa kufunga. Kesho yake pia. Kisha nikakupigia simu."

Nilianza kulia. Hakuniambia ninyamaze, wala hakunishika. Muuza mboga akajifanya kupanga nyanya zake.

Nilikuwa na bahasha, sehemu ya mshahara wangu. Nikampa. Aliipokea bila kuifungua, akaiingiza chini ya kitambaa alichokuwa akishona.

"Hii ni yako, si ya baba yako," akasema. "Yake haijafika."

Kisha akaja mteja na suruali ya kupunguza, naye akainuka kumpima.

Jioni hiyo nilipita Nyanchwa. Baba alikuwa amekaa nje, gazeti magotini. Nikamwambia nimemwona fundi, na jinsi alivyomjibu yule wa ofisi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaliinua gazeti, akalishusha.

"Alisema amekuja kufagia?"

"Ndiyo, tata."

"Mimi nilifikiri hakujua," akasema. Alikaa vile mpaka baridi ikaingia, akaingia ndani bila kula.

Hata hivyo hakwenda Keumbu. Mwezi uliofuata nilirudi peke yangu, nikakuta kibaraza chote kimejaa kabichi na vitunguu. Muuza mboga akaniambia mgongo ulimzidi fundi, mwanawe akaja na gari akamchukua kwao upande wa ziwa, na cherehani akaiuza pale pale sokoni. Nilipiga namba yake nikiwa nimesimama hapo, na siku nyingi baadaye. Haipatikani. Sijui kijiji chake. Miaka yote ile hatukuwahi kumuuliza kwao ni wapi hasa.